Shajara ya Mradi: Mwongozo wa Kusomea Uuguzi, Kisumu, Kakamega na Nakuru

Mradi huu unaandaa mwongozo wa Kiswahili kwa kijana anayetaka kuwa muuguzi, pamoja na mzazi au mlezi atakayemlipia karo. Unaandikwa na wauguzi na wakufunzi. Kila sehemu ikikamilika hupelekwa mashuleni, makanisani na misikitini, kisha hurudi ikiwa na maswali ya wasomaji. Humu tunaandika kilichokamilika, kilichobadilishwa na sababu yake.

Msimamo wetu tunautaja mapema kwa kuwa ndio unaopanga kurasa zote. Vijana wengi huanza kwa kuuliza, "Niende chuo gani?" Sisi tunawataka waanze na swali jingine: "Nikimaliza, Baraza la Wauguzi litanisajili kama nani?" Hakuna anayeruhusiwa kufanya kazi ya uuguzi Kenya bila usajili wa Baraza, na karibu kila hasara tunayoijua katika safari hii ilianza kwa mtu kulipa karo kabla ya kuuliza hilo.

Januari: alama

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, yakishatangazwa muda wa kuamua huwa mfupi, kwa hiyo sehemu hii ndiyo iliyotangulia. Njia za kuingia ni tatu. Cheti kinahitaji wastani wa C-. Diploma, inayomfanya mtu kuwa muuguzi wa afya ya jamii aliyesajiliwa, yaani KRCHN, inahitaji wastani wa C na huchukua miaka mitatu. Digrii inahitaji C+, nayo ni miaka minne chuoni na mwaka mmoja wa intanshipu hospitalini.

Wastani peke yake hauamui. Kwa diploma, Baiolojia iwe C, Kiingereza au Kiswahili kiwe C, na somo moja kati ya Kemia, Fizikia na Hisabati lisishuke chini ya C-. Kwa digrii, C+ inadaiwa katika Baiolojia, Kemia, lugha mojawapo, na Hisabati au Fizikia. Hapa ndipo wengi hukwama. Mtu ana B- ya jumla iliyobebwa na Historia, Dini na Kilimo, lakini Baiolojia yake ni C-. Huyo hapati diploma, na jirani yake mwenye C ya jumla na C ya Baiolojia anaingia. Ukurasa wa kwanza sasa unaanza na maneno haya: tazama Baiolojia kabla ya kutazama wastani.

Walimu waliosoma rasimu walituomba tuongeze ukurasa wa Kidato cha Pili, na walikuwa na haki. Katika mfumo wa 8-4-4, masomo huchaguliwa mwanafunzi akiingia Kidato cha Tatu. Anayechukua Kemia na Fizikia akaiacha Baiolojia hubaki na njia ya uhandisi lakini uuguzi umeshampita, na hakuna atakayemwambia hivyo mpaka siku ya kutuma maombi.

Swali lililorudi kwa wingi kutoka mitaa ya Kondele, Nyalenda na Kaptembwo lilihusu kozi za miezi sita za msaidizi wa nesi. Jibu tuliloandika ni hili: kazi ya kumhudumia mgonjwa nyumbani ni kazi halali na yenye heshima, lakini cheti hicho hakiingizi mtu katika rejista ya Baraza wala hakihesabiwi kama sehemu ya muda wa masomo akienda kusoma diploma baadaye. Anayeisoma kwa kusudi la kupata kipato akijipanga, sawa. Anayeisoma akidhani ni hatua ya kwanza ya uuguzi, amedanganywa.

Februari: idhini ya chuo

Baraza huidhinisha kozi fulani katika kampasi fulani, na idhini ina mwisho wake. Kwa hiyo jina kubwa la chuo si ushahidi. Chuo kinaweza kuwa na idhini ya diploma lakini hakina ya digrii, au kampasi kuu ikawa nayo na tawi la mjini likakosa.

Ukurasa wa vyuo unataja vile ambavyo kijana wa huku huvifikiria kwanza. KMTC, taasisi ya serikali ya mafunzo ya afya iliyoanza mwaka 1927, ina kampasi Kisumu, Nakuru, Kakamega, Bungoma, Webuye, Busia, Siaya, Homa Bay, Kisii na Molo, miongoni mwa nyingine. Kwa vyuo vikuu kuna Maseno, Masinde Muliro kule Kakamega, Egerton na Kabarak upande wa Nakuru, Moi kule Eldoret, Baraton kule Nandi na Uzima pale Kisumu. Kuna pia vyuo vilivyozaliwa na hospitali za misheni, kama Mukumu, Mumias na Nyabondo. Chini ya orodha tumeandika kwamba kutajwa hapa si idhini. Idhini hutazamwa katika orodha ya Baraza yenyewe, mwezi uleule unaotuma maombi.

Maswali tunayotaka kijana ayaulize ofisi ya udahili, kwa mdomo na kwa maandishi, ni machache. Kozi hii katika kampasi hii imeidhinishwa mpaka lini? Baraza limeruhusu wanafunzi wangapi kwa kila awamu? Namba ya indeksi hutolewa baada ya muda gani? Mazoezi ya wodini hufanyika hospitali gani, na ada yake imo ndani ya karo au iko kando?

Swali la pili ndilo linalokwepwa zaidi, na ndilo lenye uzito. Indeksi ni namba ambayo Baraza humpa mwanafunzi mwanzoni mwa masomo, na bila namba hiyo hakuna kukalia mtihani wa leseni. Chuo kikiandikisha watu kuliko nafasi zake, wanaozidi hukosa indeksi, na kwa kawaida hutambua wakiwa wamekaribia kumaliza. Tunamshauri kila mwanafunzi asiridhike na maneno "tumeshatuma majina". Aombe namba yake, aiandike, aihifadhi. Miezi ya mwanzo ikipita bila namba, mzazi aende ofisini mwenyewe.

Maombi ya KMTC hujazwa mtandaoni. Wengi huyajaza saiba, na tatizo la saiba ni dogo lakini linauma: mhudumu hufungua akaunti kwa barua pepe yake au kwa namba ya simu yake. Ujumbe wa kuitwa chuoni unaenda kwa mhudumu. Barua pepe na laini ya simu ziwe za mwombaji mwenyewe, nywila iandikwe kwenye daftari lililoko nyumbani.

Machi na Aprili: majina kwenye hati

Hatukupanga sura nzima kwa jambo hili. Maswali yaliyorudi ndiyo yaliyotulazimisha.

Muuguzi hubeba hati nyingi: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, cheti cha KCSE, indeksi, cheti cha usajili, leseni, pasipoti. Zote zitalinganishwa na mtu asiyemfahamu. Cheti cha kuzaliwa kikisema Wanjala na KCSE ikisema Wanjalla, au jina la ubatizo likiwepo hapa na kukosekana pale, kila ofisi itasimamisha faili mpaka tofauti hiyo ielezwe.

Huku kwetu tofauti hizi zina vyanzo vinavyojulikana. Mtoto huandikishwa kuzaliwa kwa jina la babu, kisha shuleni akatumia la baba. Herufi za Kidholuo na Kiluhya huandikwa na karani kama alivyozisikia, na ile alama ya ng' hudondoshwa na kompyuta. Msichana aliyeolewa hubadilisha kitambulisho kabla ya kumaliza chuo, kisha vyeti vya chuo vikatoka kwa jina la zamani.

Utaratibu tuliouweka ni kulinganisha hati herufi kwa herufi kabla ya kutuma maombi, tena kwa mpangilio uleule wa majina. Tofauti ndogo huelezwa kwa hati ya kiapo mbele ya wakili au hakimu. Kosa la kwenye cheti cha KCSE hurekebishwa na KNEC, baraza la mitihani la taifa, kwa kupitia shule, na ni rahisi zaidi mtu akiwa bado shuleni, maana majina huhakikiwa wakati wa kujiandikisha kwa mtihani. Anayetaka kubadili jina lenyewe huhitaji diidi poli, ambayo husajiliwa na kuchapishwa katika Gazeti Rasmi la serikali. Anayepanga kuolewa akiwa chuoni, ushauri wetu ni aliache jina la hati lilivyo mpaka usajili wa Baraza utoke.

Kuhusu cheti cha KCSE kinachozuiliwa kwa ajili ya deni la karo, sheria ya KNEC hairuhusu shule kukizuia. Tumeandika hivyo waziwazi, pamoja na mahali pa kwenda: ofisi ya elimu ya kaunti ndogo.

Mei: pesa

Sura hii ni fupi kwa makusudi, kwa sababu viwango vya karo hubadilika na kila chuo kina vyake. Tunachosisitiza ni kwamba karo iliyoandikwa kwenye barua ya kuitwa si gharama yote. Juu yake kuna sare na viatu, ada ya indeksi, bima ya afya, malazi, chakula, nauli ya kwenda wodini wakati wa mazoezi, ada ya hospitali pale inapodaiwa, na mwishoni ada ya mtihani wa Baraza na ya usajili. Mwaka wa mwisho ndio unaowashtua wazazi, kwa kuwa walidhani mzigo unapungua.

Mkopo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, unawafikia pia wanafunzi wa KMTC. Pesa zake mara nyingi huingia baada ya siku ya kuripoti, kwa hiyo muhula wa kwanza upangiwe kana kwamba mkopo haupo. Basari za NG-CDF, yaani mfuko wa eneo bunge, na za kaunti zina madirisha yao, na fomu huhitaji barua ya kuitwa, muundo wa karo wenye muhuri na sahihi ya chifu. Mwenye kuziandaa hati hizo mapema hupata, mwenye kusubiri tangazo hukuta tarehe imepita. HELB hutoza riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na anayeacha kulipa hutozwa faini ya shilingi 5,000 kila mwezi. Tumeliandika hilo hapa kwa sababu litarudi kwenye ajira.

Juni: chanjo na vifaa

Chanjo ya homa ya ini aina ya B hutolewa kwa dozi tatu: ya kwanza leo, ya pili baada ya mwezi mmoja, ya tatu miezi sita baada ya ile ya kwanza. Anayeripoti Septemba na kuanza chanjo akiwa chuoni atapata dozi ya tatu Machi, ilhali huenda atashika sindano wodini kabla ya hapo. Kwa hiyo tunataka dozi ya kwanza ipigwe barua ya kuitwa inapofika, na kadi itunzwe. Mwezi mmoja au miwili baada ya dozi ya tatu kuna kipimo cha damu kinachoonyesha kama kinga imejengeka. Kiwango kinachokubalika ni miliuniti 10 za kimataifa kwa mililita (10 mIU/mL) au zaidi. Wachache hawajengi kinga na hurudia dozi. Wengi hawapimi kabisa, na hatulifurahii hilo.

Vifaa: viatu vyeusi vilivyofunikwa, visivyoteleza na visivyopiga kelele, saa ya kubana kifuani yenye mshale wa sekunde, kwa kuwa ya mkononi huzuia kunawa vizuri, mkasi wa bandeji, kipimajoto, kalamu za rangi mbili. Stethoskopu ya bei ya wastani inatosha. Mashine ya presha ya kununua mwenyewe haina haraka mwaka wa kwanza.

Julai na Agosti: hesabu za dawa

Hii ndiyo sura tuliyoipa muda zaidi. Wanafunzi wanaoshindwa mwaka wa kwanza si lazima wawe dhaifu katika anatomia. Wengi hushindwa kugawanya na kuzidisha wakiwa wamesimama mbele ya mgonjwa. Hesabu zenyewe ni za shule ya msingi, lakini kosa lake hulipwa na mtoto wa mtu. Tunataka mwanafunzi azianze miezi hii miwili akiwa nyumbani akisubiri kuripoti.

Kanuni ni moja: kipimo kinachotakiwa, gawa kwa kipimo kilichomo kwenye chupa, zidisha kwa ujazo wa chupa hiyo. Mtoto wa kilo 12 anayepewa parasetamoli miligramu 15 kwa kila kilo anahitaji miligramu 180. Dawa ya maji yenye miligramu 120 katika mililita 5 itakuwa 180 gawa kwa 120, mara 5, yaani mililita 7.5. Sasa badilisha chupa: kuna ya miligramu 250 katika mililita 5. Mtoto yuleyule sasa anahitaji mililita 3.6. Aliyekariri "saba na nusu" bila kusoma lebo atampa miligramu 375, zaidi ya mara mbili. Ndiyo maana mazoezi yetu yote yanabadilisha chupa katikati.

Jentamisini kwa mtoto wa kilo 8, kwa miligramu 7.5 kwa kilo mara moja kwa siku, ni miligramu 60. Kichupa cha miligramu 80 katika mililita 2 kinatoa mililita 1.5.

Mfano uliokaa kurasa mbili ni wa atesuneti, dawa ya sindano ya malaria kali, kwa kuwa mwanafunzi wa ukanda wa Ziwa ataishika mapema. Mgonjwa aliye chini ya kilo 20 hupewa miligramu 3 kwa kilo; wa kilo 20 na kuendelea, miligramu 2.4 kwa kilo. Hupigwa akifika, baada ya saa 12, na baada ya saa 24. Kichupa cha miligramu 60 huyeyushwa kwanza kwa mililita 1 ya sodiamu baikaboneti inayokuja nacho, kikatikiswa mpaka maji yawe maangavu, yasiyo na ukungu. Kwa sindano ya mshipani huongezwa mililita 5 za maji ya chumvi, na kila mililita ikawa na miligramu 10. Kwa sindano ya msuli huongezwa mililita 2 tu, na kila mililita ikawa na miligramu 20.

Mtoto wa kilo 8 anahitaji miligramu 24. Mshipani ni mililita 2.4; kwenye msuli ni 1.2. Hapa kosa linajitengeneza lenyewe: mmoja anachanganya dawa kwa ajili ya msuli, mshipa unapatikana, mwingine anavuta 2.4 akidhani imechanganywa kwa ajili ya mshipa. Mtoto anapata miligramu 48. Kinyume chake, anapata nusu dozi na vimelea vinabaki. Kinga yake ni anayechanganya ndiye anayepiga, na sirinji iandikwe nguvu ya dawa kabla ya kuwekwa kwenye trei. Iliyoyeyushwa hutumika ndani ya saa moja, inayobaki hutupwa.

Dripu: ujazo kwa mililita, mara idadi ya matone katika mililita moja, gawa kwa dakika. Mililita 500 kwa saa 4, kwa seti ya matone 20, ni 500 mara 20 gawa kwa 240, yaani matone 42 kwa dakika. Kosa la kawaida ni kugawa kwa saa 4 badala ya dakika 240. Kosa la pili ni kutoangalia seti yenyewe. Ipo ya matone 20, ipo ya 15, na ile ya watoto ni ya 60. Kwa seti ya 60 kuna njia ya mkato: mililita kwa saa ni sawa na matone kwa dakika, hivyo mililita 50 kwa saa ni matone 50. Anayeichukua njia hiyo ya mkato na kuipeleka kwenye seti ya 20 atakuwa anamwaga maji mara tatu ya yale yaliyoagizwa.

Kuhusu uandishi: andika 0.5, usiandike .5, kwa sababu nukta ikififia inabaki 5. Andika 5, usiandike 5.0, kwa sababu hiyo hiyo huzaa 50. Mikrogramu iandikwe neno zima.

Mabadiliko ya Agosti: tumeondoa kikokotoo kwenye mazoezi ya kwanza kumi. Kinaruhusiwa baadaye, mwanafunzi akishaweza kukadiria jibu kabla ya kulipata. Mtu asiyeweza kukadiria hawezi kulishuku jibu la mililita 24 kwa mtoto wa kilo 8.

Septemba: wodini

Wapya wameripoti, na sura hii ni yao. Daftari la mazoezi hutiwa sahihi siku ileile kazi inapofanyika. Anayelimbikiza sahihi hukuta msimamizi amehamishwa au yuko likizo, na kazi isiyo na sahihi haikufanyika. Tathmini za vitendo zinazojirudia ni nne: utoaji wa dawa, usafi wa kitaalamu wa kidonda na vifaa, uuguzi kamili wa mgonjwa mmoja, na uongozi wa wodi. Kwenye utoaji wa dawa, wanaoanguka mara nyingi ni wale wasiomwacha mgonjwa ataje jina lake mwenyewe, wanaosema "Wewe ni Mama Akinyi?" naye akaitikia tu kwa heshima.

Kunawa kwa sabuni na maji ni sekunde 40 hadi 60. Kwa dawa ya kileo ya kupaka mikononi, 20 hadi 30. Ukijichoma sindano, osha kwa sabuni na maji yanayotiririka, usikamue, mwambie msimamizi saa hiyohiyo. Dawa za kinga ya VVU zianze ndani ya saa 72, na kadiri zinavyowahi ndivyo bora, kisha humezwa siku 28. Wanafunzi huficha kwa kuogopa kukemewa. Tumewaomba wakufunzi waliseme jambo hili siku ya kwanza, na walirudie.

Mahali pa mazoezi hufundisha mambo tofauti. Jaramogi Oginga Odinga pale Kisumu, ambayo watu bado wanaiita Russia, huonyesha malaria ya watoto, selimundu na huduma za VVU kwa kiwango ambacho Nakuru haioni. Nakuru, kwa barabara kuu ile ya kupitia Salgaa, hufundisha majeraha ya ajali. Anayeweza kupata zamu pande zote mbili asikatae. Lugha nayo ina uzito: nyanya kutoka Ugenya aliyeletwa na mjukuu wa miaka kumi hataeleza maumivu yake kwa Kiswahili sanifu, na mwanafunzi wa Nakuru aliyejifunza maneno machache ya Kidholuo atapata historia kamili ya ugonjwa mwenzake asipopata.

Mgomo wa wauguzi wa mwaka 2017 ulidumu takriban miezi mitano, Juni hadi Novemba. Wodi za serikali zikifungwa, saa za mazoezi hazipatikani. Chuo chenye makubaliano na hospitali ya misheni pia kina unafuu hapo, na swali hilo sasa limeongezwa kwenye yale ya Februari.

Oktoba: baada ya kufuzu

Kuhitimu chuoni hakumfanyi mtu muuguzi. Kuna mtihani wa Baraza, kisha usajili, kisha leseni ambayo huhuishwa kwa kuonyesha saa za mafunzo endelevu. Mwenye digrii ana mwaka wa intanshipu unaopangwa na Wizara ya Afya, na kupangwa huko kunaweza kuchelewa. Familia isiweke mipango ya mshahara kwenye mwezi wa kuhitimu.

Tangu ugatuzi wa 2013 mwajiri mkuu wa wauguzi ni kaunti, kupitia bodi ya utumishi wa umma ya kaunti. Mwenye diploma huanzia kundi la kazi H, mwenye digrii kundi K. Tofauti hiyo ndiyo inayowafanya wengi wauone ubora wa digrii kwanza. Maoni yetu yana masharti. Kijana mwenye C+ za masomo husika na njia ya kupata mkopo achukue digrii moja kwa moja. Kijana ambaye wadogo zake wanamsubiri amalize ndipo waendelee na shule, diploma itamweka kazini mapema, naye anaweza kujiendeleza hadi digrii akiwa na mshahara, au asome diploma ya juu ya ubingwa kama uangalizi mahututi, chumba cha upasuaji, figo au afya ya akili. Njia ya pili ni ndefu zaidi kwa jumla. Haimpotezi mtu.

Mikataba nayo isomwe vizuri. Wauguzi wa mpango wa UHC, yaani afya kwa wote, waliajiriwa mwaka 2020 kwa mkataba wa miaka mitatu, na kudai ajira ya kudumu kuliwachukua muda mrefu kupita mkataba wenyewe. Mkataba si kitu kibaya kwa anayeanza, lakini usikope nyumba kwa nguvu yake.

Faili la kuombea kazi linahitaji vibali vya KRA (kodi), HELB, EACC (maadili na ufisadi), CRB (madeni) na cheti cha mwenendo mwema cha DCI (polisi wa upelelezi), kinachoombwa kupitia eCitizen kisha alama za vidole zikapelekwa. Deni la HELB lililoachwa bila kulipwa hujitokeza hapa. Vibali hivi vinaisha muda, kwa hiyo viombwe kaunti inapotangaza nafasi.

Novemba: ng'ambo, na kilichobaki

Wasomaji walitaka sura ya ng'ambo iwe ya kwanza. Tumeiweka hapa, kwa sababu nchi zinazoajiri humtaka muuguzi aliyekwisha kusajiliwa nchini kwake. Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya wahudumu wa afya Julai 2021. Baraza la huko, NMC, hudai mtihani wa kompyuta kisha mtihani wa vitendo, na Kiingereza cha IELTS alama 7 kwa kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 kwa kuandika. Marekani hudai NCLEX, mtihani wa leseni wenye maswali kati ya 85 na 150 ndani ya saa tano. Kompyuta husimama ikishaamua, hivyo kusimama mapema si dalili ya kufeli. Ujerumani humtaka mtu afike kiwango cha B2 cha Kijerumani ili atambuliwe kikamilifu, na hilo ni zaidi ya mwaka mmoja wa kusoma kwa aliye kazini.

Uthibitisho wa usajili hutumwa na Baraza la Kenya moja kwa moja kwa baraza la nchi ile. Wakala anayesema atakubebea mkononi anasema uongo. Kanuni za Uingereza zinakataza wakala kumtoza muuguzi ada ya kumtafutia kazi. Anayedai pesa hizo Kisumu au Nakuru aulizwe jina la kampuni yake na lipo kwenye orodha gani.

Kazi iliyobaki kabla ya kuchapisha: kulinganisha ukurasa wa vyuo na orodha mpya ya Baraza; kumaliza seti ya pili ya mazoezi ya dripu, yenye seti za matone 15; na kupata mkunga wa Busia au Bungoma wa kupitia ukurasa wa partografu, chati ya kufuatilia uchungu wa kujifungua, ambao bado unaeleza mstari wa tahadhari vizuri kuliko mstari wa kuchukua hatua, ulioko saa nne upande wa kulia. Ukurasa wa majina kwenye hati umekamilika, na unaweza kutolewa nakala na kubandikwa shuleni kuanzia sasa, Kidato cha Tatu wakiwa bado hawajajiandikisha kwa mtihani.